Mchoro wa Mishale na Nyumba ya Kusubiria Uzazi

Vijana wa idara ya afya mmeniomba niandike kidogo juu ya kazi, nami nimekubali kwa sababu msimu wa korosho umekwisha, shambani hakuna haraka, na mume wangu amechoka kunisikiliza. Habari za vyeo sitaandika. Vyeo nilipewa, vingine nilinyang'anywa, na sijaona mgonjwa aliyepona kwa ajili ya cheo changu. Nataka kuandika juu ya nadharia. Najua mnacheka. Mnaniona mkunga wa kijijini, mnadhani nitawaambia nadharia ni upuuzi wa wasomi. Hapana. Nadharia nimeiheshimu maisha yangu yote ya kazi. Niliowadharau ni wale wanaoivaa kama tai, shingoni tu, kwa ajili ya mkutano.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Newala, kwenye wodi ya wazazi iliyonukia dawa ya sakafu na mihogo ya kuchoma. Mkuu wa wodi alikuwa Sista Tekla, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi. Alinipa kile kibomba cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, akanielekeza kitanda cha mwisho. Nikainama, nikasikiliza, nikainuka na kusema kwa fahari kwamba nimesikia.

"Umesikia nini?"

"Moyo wa mtoto, Sista."

"Una hakika si wa mama?"

Sikuwa na hakika. Akaniambia nishike kifundo cha mkono cha mama, nipime mapigo yake huku sikio liko kwenye kibomba. Yakienda pamoja, ninamsikiliza mama. Yakipishana, huyo ndiye mtoto. Nikafanya hivyo, yakapishana, nikafurahi. Chuoni tulifundishwa nadharia kama kitu cha kukariri, ukishafaulu unakisahau kwa amani. Sista Tekla alinifundisha kujiuliza kila mara: hiki ninachokisikia, kingeweza kuwa nini kingine? Hakuiita nadharia. Aliita kutumia kichwa.

Kisha ikaja miradi. Ilikuja mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na gari lake jeupe na rangi yake ya fulana. Kulikuwa na wa mabango, wa maigizo, na mmoja wa kugawa vikombe vyenye picha ya mjamzito anayetabasamu. Yote iliamini jambo moja: wanawake wa huku hawaji kujifungulia hospitali kwa sababu hawajui. Nimeona kwa macho yangu mwanamke mwenye mimba kubwa, ndoo ya maji kichwani, amepanda kilima kutoka bondeni, akisimamishwa njiani na kijana mwenye kipaza sauti ili aelezwe umuhimu wa maji safi. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, bila kushusha ndoo.

Tathmini zao zilikuwa za kuhesabu tu. Semina zimefanyika, mabango yamebandikwa, vikombe vimegawiwa. Vifo vikipungua, mradi umefanikiwa. Visipopungua, jamii ina mila potofu. Sijawahi kuona mradi ukishindwa kwa kauli yake wenyewe. Wanaoshindwa siku zote ni wanawake.

Nilipohamishiwa Masasi kuwa mratibu wa afya ya uzazi wa wilaya, nikaukuta mradi mkubwa kuliko yote. Ulikuwa na jina refu la Kiingereza lililofupishwa mpaka likasomeka kama jina la sabuni. Ulijenga nyumba za kusubiria uzazi kwenye vituo vya afya viwili. Wazo lenyewe ni zuri, nalitetea mpaka leo. Mwanamke mwenye hatari, labda aliwahi kupasuliwa au ana mapacha, anakuja kukaa karibu na kituo kabla uchungu haujaanza, badala ya kukimbizwa kwa pikipiki mambo yakishaharibika. Kituo kimoja kilikuwa na chumba cha upasuaji. Kingine hakikuwa nacho. Majina yao siyataji, walioko huko sasa hawana kosa.

Meneja wa mradi alikuwa Bwana Remi, mtu wa Dar es Salaam, msafi, mkarimu, mwenye sauti ya kutangaza taarifa ya habari. Siku ya uzinduzi alituwekea ukutani mchoro wa visanduku na mishale. Ulianza kushoto na kisanduku cha elimu, mshale ukaenda kwenye kisanduku cha mume, kutoka kwa mume mshale ukaenda kwa mjamzito, na kutoka kwa mjamzito mshale mnene wa kijani ukaishia kwenye uzazi salama. Hii, akasema, ndiyo nadharia ya mabadiliko ya mradi. Mume akielimishwa atamruhusu mkewe, mke akiruhusiwa atakuja na atakaa.

Nikanyoosha mkono. "Bwana Remi, huku kwetu binti akiwa mzito anarudi mikononi mwa mama yake. Mambo yake huamuliwa na mama na mjomba. Mume anaulizwa, ndiyo, kama mgeni anavyoulizwa kama chumvi imekolea."

Watu wakacheka. Yeye pia akacheka.

"Mama, hizo ni hisia. Mishale hii imetokana na ushahidi."

"Ushahidi wa wapi?"

"Wa kimataifa."

Kimataifa ni pakubwa. Nikakaa chini.

Basi wanaume wa vijiji vyetu wakafanyiwa semina mpaka wakachoka. Walikaa kwenye viti vya plastiki, wakanywa soda, wakapewa kofia za kijani, wakakubali. Sijapata kuona wanaume wanaokubali kama wale. Na nyumba za kusubiria zikabaki tupu. Wanawake walikuja kweli, wakaandikishwa, wakalala siku mbili tatu, kisha wakaondoka bila kuaga. Wauguzi walikuta wamekwisha kunja mikeka na kwenda zao.

Mmoja wao aliitwa Somoe, wa kijiji kimoja cha huko Lisekese. Uzazi wake wa kwanza alipasuliwa, kwa hiyo alikuwa na kovu kwenye mfuko wa uzazi, na mimi mwenyewe kliniki nilimwambia asikae mbali na chumba cha upasuaji. Akaja kwenye kituo chenye upasuaji, akakaa, akaondoka. Uchungu ulimkuta kwao. Walipomfikisha, mfuko wa uzazi ulikuwa umechanika. Daktari aliyempasua alikuwa Dakta Liheta, na mimi nilikuwa pale. Yeye tulimwokoa. Mtoto alikuwa amekwisha kufa, na mfuko wa uzazi ukabidi utolewe. Alikuwa bado binti kabisa.

Katika kikao cha kupitia tukio lile, Bwana Remi aliandika ukutani: chanzo, uelewa mdogo wa mama kuhusu dalili za hatari. Akapendekeza semina ziongezwe.

Dakta Liheta niwaeleze alikuwa nani. Mtu wa Tunduru, Myao, mrefu, amesoma mambo ya utafiti zaidi ya udaktari wake, na alikuwa na tabia ya kuvua miwani kila anapotaka kumkera mtu. Akavua miwani.

"Umejuaje kwamba hakujua?"

"Angejua, asingeondoka," Bwana Remi akajibu.

"Kwa hiyo nadharia inasema anayejua haondoki, na aliyeondoka tunamhesabu hakujua kwa sababu ameondoka. Hiyo nadharia haiwezi kukosea hata ikijitahidi."

Kikao kikaahirishwa kwa chai.

Jioni ile Dakta akanikuta ofisini, akaniuliza mimi nadhani ni nini kinawaondoa. Nikasema maji. Mimi ni mtoto wa Newala, nimekulia kwenye shida ya maji, na kituo kile chenye upasuaji bomba lake lilikuwa pambo tu. Akatikisa kichwa kwa heshima, kisha akasema, "Kama ni maji, wale wa kituo cha pili wenye tangi lililojaa wangekuwa wanakaa. Wanakaa?" Hawakuwa wanakaa. Hapo nikampenda yule mtu. Hakunibishia kwa cheo. Alilipima wazo langu likaanguka, tena bila kuniumiza.

"Twende tukawaulize walioondoka," akasema. "Tusiwaulize kama wanajua. Tuwaulize siku waliyoondoka ilikuwaje, tangu asubuhi."

Tulianza na Somoe, alipokuwa amepata nguvu kidogo. Tulimkuta uani kwa mama yake, amekaa kwenye mkeka, na mama yake anaanika mihogo. Tukaamkia, tukaitikiwa, tukapewa viti. Mume wake, Swalehe, alikuja kutusalimu akiwa amevaa kofia ya kijani ya mradi.

Nilimpa Somoe pole moja tu. Kuna pole ambazo ukiongeza neno unaziharibu. Ni yeye aliyeanza.

"Sista, nimesikia mnasema sikujua."

"Mimi sikusema hivyo, mwanangu."

"Nilijua. Nilijua kovu linaweza kuachia. Nilijua maumivu yasiyokoma, nilijua damu, nilijua mtoto kuacha kucheza. Umenifundisha wewe mwenyewe kliniki."

Dakta akamwomba asimulie siku aliyoondoka. Somoe akamtazama mama yake. Mama Somoe hakuacha kuanika mihogo.

"Aliyeondoka ni mimi," akasema. "Ilipofika jioni mlinzi akapita, akasema ndugu wote nje ya geti, usiku kituo ni cha wagonjwa na wajawazito tu. Siku ya kwanza nikalala kwa mtu ninayemfahamu. Siku ya pili na ya tatu vilevile. Mwenye nyumba akaanza kunitazama. Nikamwambia mwanangu, wewe baki, mimi nirudi. Akaniambia, mama, uchungu ukinianza humu ndani peke yangu nimwite nani? Tukabeba mkeka tukaja zetu." Kisha akaacha mihogo, akatugeukia. "Ninyi mngemwacha mtoto wenu humo?"

Dakta alivua miwani, safari hii si kwa kumkera mtu.

Tulipotoka nikamuuliza Swalehe yeye alisema nini siku ile.

"Mimi, Mama? Mimi nilishakubali tangu semina. Nimekubali mpaka basi." Akaivua ile kofia, akaitazama kama inamdai maelezo. "Lakini hapa mimi ni mkwe. Mkwe anakubali nini?"

Tulizunguka kwa wengine, upande wa Masasi na kupanda kule Newala. Habari zilitofautiana, lakini geti na jioni havikukosekana. Kumbe katika mchoro wote ule mzuri, mtu anayeamua kama binti atakaa alikuwa hana kisanduku, na kanuni ya kituo ilikuwa inamfukuza kila jua likizama. Mradi ulilipa gharama zote za kumshawishi mkwe, halafu ukamtoa mama nje kwa mkono wa mlinzi.

Dakta Liheta akachukua chaki, tukajifungia kwenye chumba cha chanjo chenye ubao wa zamani. Tukachora upya, mimi na yeye na wauguzi wa vituo vyote viwili. Kila nilipochora mshale alisimama mbele yake kama askari wa barabarani. "Huu unapita kwa nini? Kuna nini ndani yake? Tutaonaje kama haupiti?" Ilitusumbua sana. Nilitaka kumpiga na ule ubao. Lakini tulipomaliza tulikuwa na kitu ambacho kingeweza kutuambia tumekosea. Tuliandika hivi: mama mzazi au dada wa mama akilala ndani na binti, binti atakaa mpaka uchungu; tena mama na mjomba wakiitwa kliniki mapema wakaelezwa sababu, watamleta wenyewe. Na tukaandika pia tutakachokiona kama si kweli.

Tukampelekea Bwana Remi mchoro wetu. Akausoma wote, hilo simnyimi, akausifu.

"Lakini nadharia ya mradi ilishapitishwa," akasema. "Tukiibadilisha katikati tutaharibu tathmini."

"Tathmini ya nini, kama hatutaki kujua?" Dakta akamuuliza.

"Ya mradi kama ulivyopangwa."

Mtu akikwambia hivyo, usigombane naye, utachoka bure. Kwake yeye mradi ulikuwa mchoro, na wanawake walikuwa kitu kinachotokea pembeni ya mchoro.

Taarifa ya tathmini ikaja kwangu nitie saini kama mratibu. Ilisema nadharia ilikuwa sahihi, utekelezaji ulikuwa bora, ila jamii haikuwa tayari. Somoe alikuwamo, bila jina, kama mfano wa uelewa mdogo. Nilikataa. Mkubwa mmoja kutoka mkoani alinipigia simu kwa sauti ya kibaba, akaniambia nisiharibu uhusiano. Nikamwambia, shikamoo, siwezi. Akasema nifikirie familia yangu na miaka iliyobaki. Nikamwambia nimefikiria, na bado siwezi. Niliondolewa kwenye kamati ya mradi, nafasi yangu akapewa kijana aliyejua kutia saini haraka. Kwa muda sikuitwa kwenye kikao chochote chenye chakula. Sikukonda.

Ila mganga mkuu wa wilaya, mzee mtaratibu ambaye watu walidhani anasinzia vikaoni, aliniita akaniuliza kanuni ya geti imeandikwa wapi. Tukatafuta. Haikuandikwa popote. Mtu mmoja wa zamani aliwahi kusema, na walinzi wakarithishana. "Basi kama haikuandikwa," akasema, "sina haja ya kuomba ruhusa ya kuifuta."

Akaifuta. Kwenye kituo chenye upasuaji wakaanza kuja akina mama na binti zao, na sufuria zao, na mikeka yao. Nyumba ikajaa kelele. Walipika ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, waligombania kamba ya kuanikia, mmoja alileta kuku wawili akakataa kabisa kuwaacha nje. Bwana Remi alipita kukagua, akasimama mlangoni akishika leso.

"Pamekuwa soko hapa."

"Ndiyo," muuguzi wa zamu akamjibu. "Na sokoni watu wanakaa."

Siku hiyohiyo, yeye akiwa bado anazunguka na kamera, binti mmoja mwenye kovu kama la Somoe alishikwa na maumivu yasiyo ya kawaida. Mama yake ndiye aliyeyaona, akatoka mbio akimwita muuguzi kwa Kimakua, na muuguzi akaelewa bila kutafsiriwa. Kutoka mkekani mpaka meza ya upasuaji ni mwendo wa kuvuka ua. Dakta Liheta alifungua tumbo, akakuta kovu limeshaanza kuachia. Mtoto akatoka analia, mwenye hasira, wa kike. Mama wa yule binti alikaa chini hapohapo kwenye sakafu ya ukumbi, akafunika uso kwa kanga. Bwana Remi aliniuliza kama anaweza kupiga picha. Nikamwambia akaulize mwenye uso. Hakuuliza.

Sasa msije mkadhani tulishinda. Kile kituo cha pili, kisicho na upasuaji, tulifuta geti vilevile, tukaita mama na wajomba vilevile. Walikuja, wakaitazama nyumba, na mjomba mmoja akauliza, "Hapa mnapasua?" Muuguzi akasema hapana, tukiona hatari tunampeleka hospitali ya Ndanda. "Basi tunasubiri nini hapa?" akauliza yule mzee, akamchukua mpwa wake akaenda zake. Hakika, walikuwa wanasubiri nini? Tuliandika hivyo bila aibu: hapa haikufanya kazi, na sababu ni hii. Dakta aliifurahia taarifa ile kuliko ya ushindi. Nyumba ile sasa ni ghala la vyandarua.

Miaka michache kabla sijastaafu niliitwa kwenye mafunzo, kunifundisha ubunifu mpya. Nikaenda. Ukutani nikakuta mchoro, mzuri kuliko ule wa kwanza, na katikati kisanduku kikubwa cha mama mzazi na mjomba. Umetokana na mradi, wakasema, mradi uligundua. Jina la Dakta Liheta halikuwapo, alikuwa ameshahamishwa. Nimeshazoea kuona kazi yangu ikivaa fulana ya mtu mwingine.

Nilichoshindwa kuvumilia ni kilichofuata. Mkufunzi, binti aitwaye Neema, mwerevu, mwenye adabu, akatangaza kwamba mchoro ule unapelekwa kama ulivyo mikoa ya kaskazini. Visanduku vilevile, mishale ileile. Kwenda kule ambako bibi harusi anahamia kwa wakwe, na mama yake mzazi akija anakaribishwa chai na kusindikizwa.

Nikanyoosha mkono. Neema akaniambia kwa upole nisubiri muda wa maswali. Muda wa maswali ukaliwa na hotuba ya kufunga. Basi nikamfuata mpaka kwenye gari, nikamshika mkono, nikamkalisha kwenye kibaraza cha ukumbi, nikamweleza. Nilimweleza habari za semina za waume, geti, na binti mmoja ambaye hatazaa tena. Dereva alipiga honi. Neema akamwashiria angoje.

Aliponisikiliza mpaka mwisho, aliyakunja makaratasi yake.

"Kwa hiyo, Mama, kule tuanze na nani?"

"Sijui," nikamwambia. "Sijawahi kufika."